KIPOFU ALIYEONA: MAPENZI, MATESO NA UKOMBOZI KATIKA RIWAYA YA JANE EYRE

Dominika ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A



Leo ni Dominika ya Nne ya Kwaresima, na Mama Kanisa ametuwekea Injili ndefu ya Yohane, sura ya tisa, juu ya mtu aliyezaliwa kipofu. Tunalijua swali la wanafunzi walipomwona. Walitaka kuambiwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye mwenyewe au wazazi wake, hata akazaliwa katika hali ile. Tunalijua pia jibu la Bwana: si yeye wala wazazi wake. Kristo alikataa kuyafanya macho ya yule maskini kuwa hati ya mashtaka. Aliyapaka tope, akamtuma akanawe, naye akarudi akiona. Na mwisho wa sura hiyo mambo yamepinduka, kwa maana wale waliojidai kuona ndio waliobaki gizani.

Ili tulielewe vema fumbo hilo la kuona na kutokuona, tumependa leo kutumia hadithi. Si mfano wa Biblia wala si maisha ya mtakatifu. Ni riwaya ya Kiingereza ambayo huenda baadhi yenu mliisoma shuleni, nayo yaitwa Jane Eyre, iliyoandikwa na Charlotte Brontë na kutolewa mjini London mwezi Oktoba 1847. Pengine mtu atauliza: riwaya ya mapenzi yaingiaje katika mahubiri ya Kwaresima? Twajibu kwamba Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa hadithi za baba na wana, mabwana na watumishi, arusi na karamu. Hadithi njema huturuhusu kuyatazama makosa ya mwingine bila kujitetea, mpaka tunapogundua kuwa tunajitazama sisi wenyewe.

Riwaya hii ni ya aina iitwayo ya kigothiki. Jina hilo lahusiana na majengo ya kale ya Ulaya, yenye minara na kuta nene. Humo waandishi wa Uingereza, tangu Horace Walpole alipotoa kitabu chake The Castle of Otranto mwaka 1764, walipenda kuweka visa vya kutisha: kicheko cha usiku wa manane, mshumaa unaozimika ghafla, mlango usiofunguliwa kamwe. Wasomaji wengi walivisoma vitabu hivyo ili mwili uwasisimke tu. Charlotte Brontë alizichukua hofu hizo hizo akazitumia kusemea mambo ya roho. Kicheko kinachosikika usiku katika jumba lake si cha mzuka. Ni cha mtu aliye hai, ambaye mwenye nyumba hataki ajulikane kwamba yupo.

Na mwandishi mwenyewe aliyajua mateso. Alizaliwa mwaka 1816, akakulia katika kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Mama yake alifariki mwaka 1821 akiacha watoto sita. Mwaka 1825 dada zake wawili wakubwa, Maria mwenye miaka 11 na Elizabeth mwenye miaka 10, walikufa kwa kifua kikuu, baada ya kuugulia katika shule ya bweni ambako chakula kilikuwa kibaya na baridi kali. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Brussels, nchini Ubelgiji, kusoma na kufundisha, na huko moyo wake ukamwelekea mwalimu wake, mtu mwenye mke na watoto. Barua alizomwandikia baadaye zimehifadhiwa hata leo, nazo zaonyesha jinsi alivyoumia.

Lipo jambo moja katika maisha yake linalotugusa kwa namna ya pekee sisi Wakatoliki. Charlotte Brontë hakuwa rafiki wa Kanisa letu. Katika riwaya yake Villette, ya mwaka 1853, ameandika juu yetu maneno makali. Hata hivyo, mwezi Septemba 1843, akiwa peke yake Brussels wakati wa likizo, amelemewa na upweke, aliingia katika kanisa la Mtakatifu Gudula, akapiga magoti kwenye kiti cha maungamo. Alimweleza padre kwamba yeye ni Mprotestanti. Padre kwanza alisita, kisha akamsikiliza. Binti yule alimwandikia habari hiyo mdogo wake Emily, akimsihi asimwambie baba. Hakurudi tena kwa padre yule. Aliyoyasema pale kizimbani Mungu peke yake ayajua. Sisi twajua tu kwamba miaka minne baadaye alitoa kitabu ambacho kiini chake ni dhamiri ya mwanamke anayempenda mume wa mtu.

Basi tuisikie hadithi yenyewe kwa ufupi.

Jane Eyre ni yatima, analelewa na mke wa mjomba wake, ambaye hampendi. Akiwa na miaka kumi anapelekwa katika shule ya bweni, ambako mkurugenzi wake, mtu wa dini kwa maneno, anawashindisha watoto njaa kwa kisingizio cha kuwafundisha unyenyekevu. Humo Jane anampata rafiki, msichana aitwaye Helen Burns, ambaye mwandishi alimchora kwa kumkumbuka dada yake Maria. Helen anamfundisha kwamba chuki ni mzigo mzito kwa anayeibeba. Anakufa usiku, Jane amelala kando yake amemkumbatia. Baada ya miaka minane shuleni hapo, Jane anapata kazi ya kumfundisha mtoto mmoja katika jumba kubwa liitwalo Thornfield.

Mwenye jumba hilo ni Bwana Rochester, tajiri, mkali wa maneno, mwenye huzuni isiyoelezeka. Kidogo kidogo wanapendana, na ni mapenzi ya kweli. Bwana huyu anazungumza na mwalimu maskini asiye na sura ya kuvutia kama mtu aliye sawa naye, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Lakini jumba lina siri. Usiku mmoja kitanda cha bwana kinawashwa moto, na Jane anamwokoa kwa maji. Usiku mwingine mgeni anajeruhiwa kwa kisu na kwa meno. Jane anaambiwa ni mtumishi mmoja mlevi. Siku ya arusi inafika. Mbele ya altare, mchungaji anapouliza kama kuna kizuizi, sauti inatoka nyuma ya kanisa: kizuizi kipo. Bwana Rochester alikwisha kufunga ndoa miaka kumi na mitano kabla, katika mji wa Spanish Town kisiwani Jamaica, na mke wake yu hai. Yumo katika jumba lile lile, ghorofa ya tatu, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Anaitwa Bertha Mason, naye amepatwa na wazimu.

Hapa, wapendwa, tusimame kidogo, maana mambo matatu yanatufundisha.

Jambo la kwanza: mapenzi yanayojengwa juu ya uongo hudai kwamba pawepo mtu wa kufichwa.

Tusimdharau Rochester upesi. Aliozwa akiwa kijana kwa tamaa ya baba yake, aliyetaka mahari ya pauni 30,000 bila kuligawa shamba la ukoo. Nchini Uingereza wakati ule talaka ilipatikana kwa sheria maalumu ya Bunge tu, na wazimu haukuwa sababu ya talaka mpaka mwaka 1937. Mtu huyu aliteseka kweli. Lakini kutokana na mateso yake alijitungia haki asiyokuwa nayo, yaani haki ya kumdanganya binti asiye na baba wala mama. Alijiambia kwamba amekwisha kulipa vya kutosha, na sasa Mungu anamdai furaha.

Wahenga wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Je, si hivyo katika jumba la Thornfield? Kila mara siri ilipodhaniwa kuwa imefungwa vizuri, kicheko kilipenya ukutani. Ndiyo sababu Kanisa hutangaza ndoa Dominika tatu mfululizo mbele ya waamini wote. Wapo wanaoyaona matangazo hayo kuwa ni usumbufu, hata wengine humwomba paroko awaondolee kwa sababu ya haraka. Lakini matangazo yale ni huruma ya Kanisa kwa pande zote mbili: kwa binti asiyejua kwamba bwana arusi ana mke kijijini, na kwa mke wa kijijini asiyejua kwamba anazikwa akiwa hai.

Na vipi kuhusu Bertha mwenyewe? Katika riwaya hii yeye hasemi neno lolote kwa nafsi yake. Habari zake twazisikia zaidi kutoka kwa mumewe, naye anamsema kama mnyama. Ni Jane, aliyeumizwa kuliko wote siku ile, anayemkemea Rochester kwa kumsema mgonjwa kwa chuki, akimkumbusha kwamba mama yule hakuchagua kuwa mwendawazimu. Mwandishi naye, katika barua ya mwezi Januari 1848, alikiri kwamba katika kumchora Bertha ameiacha hofu izidi huruma. Mwaka 1966 mwandishi mwingine wa kike, Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alitoa riwaya iitwayo Wide Sargasso Sea, akampa Bertha sauti na utoto na machozi aliyonyimwa katika kitabu cha kwanza.

Ndugu, tujiulize ni nani aliye katika chumba cha juu cha nyumba zetu. Katika familia nyingi yuko mgonjwa wa akili anayefungiwa uani wageni wanapokuja. Yuko mtoto mlemavu asiyehesabiwa watoto wanapotajwa. Yule kipofu wa Injili ya leo naye aliketi akiomba sadaka, na jirani zake hawakuwa na hakika hata ya sura yake. Alipoponywa walibishana kama ndiye au siye. Walikuwa wamempita kila siku bila kumtazama. Kuponywa kwake kuliponya kwanza upofu wa jirani, au kuliudhihirisha.

Jambo la pili: binadamu hawezi kuwa mkombozi wa binadamu mwenzake.

Baada ya arusi kuvunjika, Rochester anamsihi Jane waondoke pamoja, wakaishi Ufaransa kama mume na mke. Sababu anazotoa ni zile zile tunazozisikia hata leo. Anasema hakuna atakayeumia, kwa kuwa Jane hana ndugu wa kuona aibu. Anasema Jane akimwacha, yeye atarudi katika maisha mabaya, na lawama itakuwa juu ya Jane. Anasema kwamba Jane ndiye tumaini lake la kuwa mtu mwema.

Tuyasikilize maneno hayo kwa makini, hasa ninyi mabinti na vijana mnaotusikiliza. Yana utamu wa mapenzi na ukali wa kisu. Mtu anaposema kwamba bila wewe atapotea, amekuwekea mabegani mzigo ambao ni Kristo peke yake aliyeubeba. Rochester alitaka kutakaswa bila kutubu. Alitaka usafi wa Jane uwe dawa ya dhamiri yake, kama mtu mwenye kidonda anayevaa kanzu nyeupe juu yake bila kukiosha. Jane naye alikuwa amekwisha kuingia hatarini, kwani anakiri kwamba katika siku za uchumba mtu huyu alikuwa amesimama kati yake na Mungu wake, akaifunika nuru kama jua linapopatwa.

Jane afanye nini? Anampenda. Amelia naye. Amemsamehe kimoyomoyo papo hapo. Lakini anakataa. Anajibu kwamba hata kama hakuna mwingine duniani anayejali atakalolitenda, yeye mwenyewe anajali, na kwamba amri za Mungu hazikuwekwa kwa ajili ya siku za utulivu peke yake. Ziliwekwa kwa ajili ya saa kama ile, mwili na roho vinapoasi. Anaondoka kabla ya mapambazuko akiwa na shilingi ishirini tu, na kifurushi chake anakisahau ndani ya gari la farasi. Analala nje katika nyika yenye upepo. Anaombaomba. Siku moja anapewa uji uliopoa ambao msichana alikuwa karibu kuumwaga katika chombo cha nguruwe, naye anaula kwa pupa.

Wakosoaji fulani wa wakati ule walikiita kitabu hiki kibaya kwa dini. Mwaka 1848 gazeti moja kubwa la Uingereza lilidai kuwa ni kinyume cha Ukristo, kwa sababu mwanamke maskini anadiriki kusema mbele ya wakubwa kwamba roho yake ni sawa na yao. Sisi twaona kinyume chake. Binti anayekula uji wa nguruwe ili asiisaliti dhamiri yake amemfuata Mwana mpotevu kwa njia ya kugeuza. Yule kijana wa Injili ya Luka alitamani chakula cha nguruwe kwa sababu aliiacha nyumba ya baba. Huyu aliambulia chakula cha nguruwe kwa sababu alikataa kuiacha.

Lakini majaribu hayakwisha. Jane anaokotwa mlangoni na mchungaji kijana, St. John Rivers, pamoja na dada zake wawili, ambao baadaye wanagundulika kuwa binamu zake. Anarithi pauni 20,000 kutoka kwa ndugu wa baba yake, naye anazigawa sehemu nne sawa, kila mmoja akapata 5,000. Kisha mchungaji huyo, anayejiandaa kwenda India kuhubiri Injili, anamtaka awe mke wake. Hampendi, anamtaka kwa kazi, na anamwambia kwamba kumkataa yeye ni kumkataa Mungu. Hapo napo Jane nusura aanguke. Tusishangae kwamba mwandishi ameyaweka majaribu haya mawili katika kitabu kimoja. Rochester alimtaka apende bila kuijali amri. Huyu wa pili alimtaka atii amri bila kupenda. Wote wawili walitumia jina la wokovu, na wote wawili walikosea, kwa kuwa kila mmoja alijiweka mahali pa Mungu. Sisi tulio wahudumu wa madhabahu hatuna budi kulisikia hilo kwa unyenyekevu. Wito wa Mungu hauletwi kwa vitisho. Hakuna padre, wala mzazi, wala mchumba mwenye mamlaka ya kusema: ukinikataa mimi umemkataa Mungu.

Jambo la tatu ni lile tuliloanza nalo, yaani upofu.

Jane, katika saa ya majaribu hayo ya mwisho, anasikia sauti ikimwita kwa jina kutoka mbali, naye anaijua kuwa ya Rochester. Anakwenda Thornfield na kukuta magofu meusi. Bertha alitoroka usiku na kuliwasha jumba moto. Rochester aliwaamsha watumishi, akawatoa. Kisha akarudi ndani ya miali kumtafuta mke wake. Alimfikia juu ya paa, akamwita kwa jina, lakini yule mama akajirusha chini akafa. Jumba lilimwangukia Rochester. Alitolewa kifusini jicho moja limeharibika na mkono mmoja umepondeka hata ukakatwa, na jicho la pili nalo likapoteza nuru. Aliyekuwa bwana wa jumba kubwa akawa kipofu, akiishi katika nyumba iliyojificha msituni.

Wengi husoma sehemu hii wakasema: Mungu amemwadhibu. Ni swali lile lile la wanafunzi: nani ametenda dhambi? Rochester mwenyewe anaitazama hali yake kuwa ni mkono wa Mungu uliomshusha, na yampasa kila mwenye dhambi kujisemea hivyo moyoni, asingoje kusemewa. Lakini sisi tunaotazama kutoka nje tunazuiwa na Bwana wetu tusiwe wepesi wa kuhukumu. Tuangalie alipoyapotezea macho yake. Hakuyapoteza alipokuwa akidanganya. Siku zile alikuwa mzima na mwenye nguvu. Aliyapoteza alipokuwa akimfuata motoni yule aliyemficha miaka yote. Kwa mara ya kwanza hakumwona Bertha kama mnyororo wa kujinasua nao. Alimwona kuwa mtu anayeungua. Macho ya mwili yalifungwa katika saa ile ile ambayo macho ya roho yalikuwa yakifunguka.

Hapa twajifunza kwamba mateso peke yake hayamwokoi mtu. Rochester aliteseka miaka kumi na mitano Thornfield na kwingineko, na mateso hayo yalimfanya mwongo. Mateso ni kama moto wa mhunzi: chuma kisichowekwa mikononi mwa fundi huungua tu na kuharibika. Kilichogeuza mateso ya Rochester kuwa njia ya ukombozi ni kwamba hatimaye aliacha kuyatumia kama hoja ya kumdai Mungu. Katika upofu wake alianza kusali, sala fupi fupi, lakini za kweli. Alikiri kwamba alitaka kumchafua asiye na hatia. Hakuomba tena haki yake; aliomba rehema. Na usiku alipolia akilitaja jina la Jane, alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kumpata. Alichokuwa ametaka kukinyakua kwa uongo, sasa alipewa bure.

Ndipo Jane anapokwenda kwake. Hakuja kama mkombozi. Amekuja kama mke, na tofauti ni kubwa. Hana haja ya mali yake, kwa kuwa anayo yake. Hakuna chumba kilichofungwa kati yao. Wanafunga ndoa kwa kimya, bila sherehe, na Jane anakuwa macho yake, akimsomea vitabu na kumwelezea mashamba na mawingu. Baada ya miaka miwili nuru kidogo inarudi katika jicho moja, hata anapopakatishwa mtoto wake wa kwanza anaweza kumwona kwamba amerithi macho yake mwenyewe, jinsi yalivyokuwa zamani.

Mwandishi hakupewa siku nyingi za furaha kama hiyo. Kati ya Septemba 1848 na Mei 1849 aliwazika kaka yake Branwell, na wadogo zake Emily na Anne. Aliolewa Juni 1854 na padri msaidizi wa Kianglikana wa baba yake, na akafariki tarehe 31 Machi 1855, akiwa na umri wa miaka 38 tu. Lakini katika kitabu chake, juu ya kaburi la Helen Burns, yule rafiki wa utotoni, alikuwa amekwisha kuweka jiwe lenye neno moja la Kilatini linalotangaza ufufuko. Mtu asiyeamini Pasaka hawezi kuandika hivyo.

Wapendwa wasikilizaji, tumebakiza majuma matatu kufikia Pasaka. Tufanye nini na hadithi hii? Tunawaomba mambo yaliyo mepesi kutajwa na magumu kutenda.

Wewe uliye katika mapenzi yenye chumba kilichofungwa, kifungue leo. Ikiwa umemficha mwenzio kwamba una mke au mume, au mtoto uliyemkana, mwambie sasa, kabla sauti haijatoka nyuma ya kanisa. Yawezekana ukampoteza. Lakini ukibaki naye kwa uongo umekwisha kumpoteza, ila hujajua.

Wewe uliyedanganywa, unayeambiwa kwamba usipokubali mtu atapotea kwa sababu yako, usiogope kuondoka. Kuondoka si kukosa upendo. Jane alipoondoka Thornfield alimwombea Rochester kwa Mungu, akamwacha mikononi mwa Mungu, na huko ndiko Rochester alikookolewa. Nanyi waamini wenye nyumba na chakula, mjue kwamba anayeitii dhamiri yake mara nyingi hulala njaa. Mwanamke aliyetoka katika nyumba isiyo halali asifukuzwe mlangoni mwenu kwa masengenyo. Mpokeeni, mpeni uji wa moto.

Wewe uliyeathirika na maisha, uliyepofushwa kwa uchungu wa zamani, ulioozwa usipopenda, uliyesalitiwa, uliyezika, hatukwambii kwamba mateso yako ni adhabu. Bwana amekataa kusema hivyo. Twakuambia tu usiyafanye kuwa leseni ya kuwatesa wengine. Yalete kwenye kiti cha maungamo. Mlango u wazi, na padre yupo, hata kama huna hakika ya maneno ya kusema, hata kama ni mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Binti wa mchungaji wa Kianglikana alithubutu kupiga magoti hapo akiwa peke yake katika mji wa kigeni. Sisi tulio wenye nyumba twaogopa nini?

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyempaka kipofu tope la ardhi ukamrudishia nuru, utufungue macho. Utuonyeshe wale tuliowaficha ili sisi tuonekane wema. Uwape nguvu wale wanaoteswa kwa sababu ya kukutii wewe, na uwakutanishe na mlango wenye huruma. Mapenzi yetu uyatakase kwa ukweli, mateso yetu uyaunganishe na msalaba wako, na siku ya mwisho utupe kuuona uso wako sisi sote, wenye macho na vipofu. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Dominika njema.